Hesabu ya Mwani

Bahari yetu ina lita mia mbili na arobaini.
Iko ghorofa ya tisa, Ostrava, mji wa makaa ya mawe,
na baba hajawahi kuikanyaga bahari nyingine.
Chumvi huja kwa posta, ndani ya ndoo.
Maji tunayachuja mpaka yanapoteza hata ladha ya bomba,
tunakoroga usiku kucha, tunapima, tunamimina.
Miaka thelathini alichimba gizani.
Alipostaafu alitaka kitu kimoja tu:
dirisha lenye mwanga, na swichi iwe mkononi mwake.

Mwani ulianza Februari.
Kwanza vumbi la kahawia juu ya mchanga;
nikasema utapita, nao ukapita.
Kisha kijani. Nywele, nywele,
juu ya mawe, juu ya pampu, shingoni mwa matumbawe,
zikipepea kama za mtu aliyelala kifudifudi.

Nilifanya yote yanayofanywa.
Mwanga nikaukata, saa kumi zikawa sita.
Nikanunua konokono kumi na wawili
na kaa mmoja mwenye miguu ya buluu
kwa bwana Otakar, nyuma ya kituo cha tramu,
anayeuza kila kiumbe kana kwamba anaozesha binti.
Kila Jumamosi nilivua saa, nikazamisha mkono hadi kwapani,
nikasugua kwa mswaki, nikang'oa kwa vidole,
nikajaza sufuria nzima.
Kufika Jumatano zimeshaota.
Konokono walikula, wakashiba, wakachoka.

Nikapima. Nitreti juu.
Fosfeti: buluu ya kichupa ilikolea
kupita rangi ya mwisho kwenye kadi.
Otakar alikitazama kichupa, akanitazama mimi.
"Mwani haujileti, Radka," akasema.
"Una mtu anayeulisha."

Basi Jumapili nikaketi jikoni, mlango nusu wazi.
Saa mbili asubuhi baba akaja na soksi zake za sufu,
akafungua kopo, kidole na gumba, akanyunyiza.
Samaki wa manjano akapanda mbio.
"Kula, Bohouš, kula."
Saa mbili u nusu akaja tena.
Kopo lilelile, vidole vilevile,
uso uleule wa mtu anayefanya jambo
kwa mara ya kwanza leo.
Saa tatu.
Saa tatu na dakika kumi.
Haba na haba, walisema wahenga, hujaza kibaba;
hawakusema kibaba kinajaa nini.
Kahawa yangu ilipoa bila kuguswa.

Ningemwambia nini?
Kwamba kusahau kwake kuna rangi?
Kwamba kumeota nywele,
na mimi ndiye nimekuwa nikikunyoa kwa mswaki?

Nililificha kopo.
Akalitafuta kwenye droo, chini ya mto, ndani ya oveni.
"Wana njaa," alisema, "wananitazama."
Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.
Nikalirudisha kabla ya chakula cha mchana.

Sasa kila alfajiri, kabla sijaenda kazini,
naweka ndani ya kopo chembe za mlo mmoja, basi.
Baba huja, hufungua, hunyunyiza.
Huja tena, hufungua,
hukuta bati tupu linang'aa,
hulitikisa sikioni.
"Aa," husema, "kumbe nimeshawapa."
Hulifunika kwa makini, huenda zake.
Mara ngapi kwa siku, sijui. Sihesabu tena.
Kopo linakumbuka kwa niaba yake.

Mei mawe yameanza kuonekana,
madoa ya zambarau niliyokuwa nimeyasahau.
Otakar anasema hongera, anataka kuniuzia uduvi.
Kishungi kimoja nyuma ya pampu nimekiacha makusudi,
urefu wa ukucha.
Bohouš hukidonoa akichoka kungoja.
Jumamosi nakipima kwa rula, naandika.
Kikirefuka,
nitajua kabla ya daktari.